Pua Kamusini, Springi Mtaani: Wahunzi wa Dandora na Deni la Wasomi wa Kiswahili

Ukiona vyaelea, vimeundwa. Methali hii hutajwa mara nyingi katika madarasa ya fasihi simulizi, ikaelezwa maana yake ya juu na ya ndani, kisha ikahifadhiwa kwa ajili ya mtihani. Swali ambalo ni nadra kuulizwa ni lile jepesi zaidi: aliyeunda ni nani, aliunda kwa zana gani, na zana hizo zaitwaje? Swali hili lina jibu, na jibu lenyewe haliko mbali na kumbi za mihadhara za jijini Nairobi. Liko Dandora, mahali ambapo fundi huketi chini ya bati lililotoboka, moto wa makaa mbele yake, akigonga kipande cha springi ya lori hadi kigeuke kisu.

Makala haya yanashikilia kwamba ufuaji wa visu kwa zana za mkono ni elimu kamili, yenye nadharia yake, vipimo vyake na msamiati wake. Kwamba elimu hiyo imo hatarini. Na kwamba wasomi wa Kiswahili wana deni la kuihifadhi ambalo hadi sasa hawajalilipa. Deni hili si la hisani. Kiswahili chenyewe kinapata hasara kila mhunzi mmoja anapozeeka na kuziacha zana zake bila mrithi.

Mtaa uliojengwa kwa mikono

Dandora ilianzishwa katika miaka ya 1970 kwa mkopo wa Benki ya Dunia. Wapangaji wake hawakukusudia kuwajengea wakazi nyumba kamili. Walikusudia kugawa viwanja vipatavyo 6,000 vyenye huduma za msingi kama maji na msala, kisha kila mwenye kiwanja ajimalizie mwenyewe kadiri ya uwezo wake. Hivi ni kusema kwamba tangu mwanzo mtaa huu ulitegemea mkono wa fundi: seremala, mwashi, mchomeleaji, mfua mabati. Bawaba za milango, vyuma vya madirisha, majiko na visu vya jikoni vilihitajiwa kwa bei ambayo mkazi angeimudu, na waliovitengeneza walikuwa majirani zake.

Katika miaka hiyohiyo ya 1970 jaa kuu la taka la Nairobi lilifunguliwa hapohapo, yapata kilomita 8 kutoka katikati ya jiji, kando ya Mto Nairobi. Mnamo 2001 jaa hilo lilitangazwa kuwa limejaa, lakini malori yakaendelea kumwaga taka miaka mingi baadaye. Maelfu ya watu hulitegemea kwa riziki. Miongoni mwa vinavyookotwa ni vyuma vya kila namna, navyo hupita mikononi mwa waokotaji na wanunuzi wa vyuma vikuukuu kabla ya kufika viwandani au kwa mafundi wa mtaani.

Katika mawazo ya wengi nje ya mtaa huu, jina la Dandora huleta picha mbili tu: taka na uhalifu. Hata neno chuma, katika msimbo wa vijana wa Nairobi, limepewa maana ya bunduki. Ni ajabu ya lugha kwamba mtaa wenye wafua vyuma umejulikana kwa chuma cha namna hiyo. Hata hivyo, Dandora imewahi kuwasuta wanaoidharau. Mwishoni mwa miaka ya 1990 kundi la Kalamashaka lilitoka katika mtaa huo na kuonyesha kwamba muziki wa kufokafoka waweza kubeba Kiswahili chenye uzito. Wasomi walichelewa kutambua kilichokuwa kikitendeka. Walipofika, walikuta sanaa imekwisha kukomaa bila wao. Haifai kosa hilo lirudiwe kwa wahunzi.

Asili ya ufundi

Ni rahisi kudhani kwamba uhunzi wa jua kali ni ubunifu wa dhiki, uliozuka baada ya watu kukosa ajira. Historia inakanusha dhana hiyo. Mwanajiografia al-Idrisi, aliyekamilisha kitabu chake mwaka 1154, alitaja chuma kuwa bidhaa kubwa ya biashara ya Malindi. Katika miaka ya 1990, mwanaakiolojia Chapurukha Kusimba alichunguza mabaki ya uhunzi katika magofu ya pwani ya Kenya, yakiwemo Galu, Mtwapa na Ungwana, na kuthibitisha kwamba miji ya Waswahili haikuwa soko tu la vitu vya wageni bali pia ilikuwa na mafundi wake wa chuma.

Bara nako hakukuwa nyuma. Miongoni mwa Wagikuyu, mchanga mweusi wenye chuma uliooshwa mitoni ndio uliopelekwa tanurini, W. Scoresby Routledge na mkewe Katherine waliieleza kazi hiyo katika kitabu chao cha mwaka 1910. Majembe ya Wasamia, karibu na mpaka wa Kenya na Uganda wa leo, yaliuzwa mbali na milima yao. Katika milima ya Upare nchini Tanzania, ukoo wa Washana wa Ugweno ulikumbukwa kama ukoo wa wahunzi waliowahi kutawala. Kwa Wamaasai mambo yalikuwa kinyume: wahunzi, Ilkunono, walitengwa na hata kuoana nao kulikatazwa, ingawa hakuna moran aliyeweza kwenda vitani bila mkuki wao. Aliyeabudiwa na aliyeepukwa, wote walikuwa na jambo moja: ujuzi usio wa kila mtu.

Mfano ulio wazi kuliko yote unatoka Buhaya, magharibi mwa Ziwa Viktoria. Mwaka 1978, Peter Schmidt na Donald Avery walichapisha katika jarida la Science matokeo ya utafiti wao kuhusu matanuri ya kale ya eneo hilo, baadhi yakiwa na umri wa miaka 1,500 hadi 2,000. Walidai kwamba wahunzi wa Kihaya walipitisha hewa katika mabomba ya udongo yaliyoingia ndani sana ya tanuri, hewa ikapata joto kabla ya kufika motoni, na hivyo wakapata pua moja kwa moja kutoka katika mawe ya chuma. Wataalamu wengine wamelipinga dai la hewa kutanguliwa kupashwa joto, na mjadala huo umeendelea kwa miaka mingi. Lakini jambo moja halina ubishi. Ili kuielewa kazi hiyo, watafiti waliwategemea wazee wa Kihaya waliokuwa wameyeyusha chuma katika ujana wao. Uyeyushaji ulikuwa umekoma miongo kadhaa kabla, baada ya majembe na vyuma vya viwanda vya Ulaya kujaa sokoni. Wazee hao walilijenga tanuri kwa kumbukumbu, wakakosea, wakarekebisha, hatimaye wakafaulu. Lau wasingeulizwa katika miaka ya 1970, leo hii hakuna ambaye angeulizwa.

Kinachofanyika motoni

Pana haja ya kufafanua jambo moja ili heshima isigeuke chumvi. Mhunzi wa Dandora hayeyushi mawe. Pua yake ya nyumbani haitoki mlimani. Inatoka katika gari lililokufa. Je, hili linampunguzia hadhi? Jibu hutegemea kile kinachohesabiwa kuwa ujuzi.

Tofauti kati ya chuma cha kawaida na pua ni kaboni. Chuma laini kina kaboni chache mno, chini ya sehemu moja katika mia nne hivi, nacho hata kikinolewa vipi hakishiki makali. Chuma cha kusubu, kama kile cha vyungu vya zamani, kina kaboni zaidi ya asilimia 2, nacho huvunjika kikipigwa. Pua ya kisu iko katikati. Springi za lori huwa na kaboni ya takriban asilimia 0.6, kiasi kinachofaa panga na visu vya kazi. Mhunzi wa kale aliipata kaboni hiyo kwa kuuacha uvimbe wa chuma ndani ya makaa kwa saa nyingi, kisha akaupigapiga ili mavi ya chuma yatoke. Mhunzi wa leo huitafuta katika lundo la vyuma vikuukuu. Wote wawili wanatatua tatizo lilelile: kaboni iko wapi, na ni kiasi gani?

Mhunzi wa leo hana maabara. Ana tupa, nyundo, masikio na macho. Kipande kigumu huiteleza tupa. Kilicho laini huliwa nayo. Kipande kilichokazwa kikivunjwa, chembe za mahali kilipovunjikia humweleza mengi: zikiwa nyembamba na za kijivu, kuna matumaini, zikiwa kubwa na zenye kumetameta, joto lilizidi. Vijiti vya nondo za ujenzi, ambavyo mnunuzi asiyejua huvidhania kuwa sawa na springi kwa kuwa vyote ni vyeusi na vizito, yeye huviweka kando kwa kazi nyingine.

Kisha huja moto. Hewa hupulizwa kwa mvukuto, au kwa feni inayozungushwa na gurudumu la baiskeli. Fuawe ni kipande cha reli au ekseli ya lori iliyosimikwa ardhini. Koleo hushika, nyundo hupiga, tindo hukata. Kipimo cha joto ni rangi. Chuma huanza na nyekundu iliyoiva, ile ambayo Waswahili huiita damu ya mzee, kikaenda hadi rangi ya chungwa ambapo hutii nyundo. Kikipigwa kingali na baridi hupata nyufa. Kikiachwa hadi kikatoa cheche nyeupe, kimeungua na hakina tiba.

Kukaza makali ndiko kwenye siri. Kisu kilichokwisha kuundwa hupashwa joto hadi kufikia nyuzi 800 za Selsiasi au zaidi kidogo, kisha kikachovywa ghafla katika mafuta. Namna moja ya kujua kwamba joto linakaribia ni sumaku, kwani chuma kikifikia nyuzi 770 hivi hakivutwi nayo tena. Baada ya kuchovywa, kisu huwa kigumu lakini chepesi kuvunjika kama kioo. Lazima kipashwe tena, safari hii polepole, kwa nyuzi zipatazo 200 hadi 250, hadi uso wake uliosuguliwa uonyeshe rangi ya nyasi kavu. Anayechoka na kuiruka hatua hii humuuzia mteja kisu kitakachovunjika siku ya kwanza juu ya mfupa. Anayeizidisha humuuzia kisu kitakachopinda. Kati ya makosa hayo mawili pana upenyo mwembamba, na upenyo huo haumo katika kitabu chochote cha Kiswahili kinachosomwa vyuoni.

Jina la kitu na kitu chenyewe

Hapa ndipo suala linapowagusa wanafunzi na wahadhiri wa Kiswahili moja kwa moja. Kiswahili kina hazina kubwa ya maneno ya uhunzi. Kitenzi fua, ambacho kwa leo hutumika pia kwa nguo na kwa nazi, ni cha kale. Wanaisimu hukihusisha na mzizi mmoja wa Kibantu ambao pia umezaa tura ya Kigikuyu, ambamo mhunzi huitwa muturi. Fuawe limebeba kitenzi hichohicho tumboni mwake. Mvukuto umetokana na vukuta. Mavi ya chuma ni istilahi ambayo mwalimu wa darasani huiona haya, ingawa ni sahihi na ya wazi kuliko neno lolote la kukopa. Pua ni chuma kigumu cha makali. Feleji ni pua bora ya panga za kifahari. Visu navyo vina majina kulingana na kazi zake: kotama ya mgema, mundu wa mvunaji, jambia la kiunoni, sime, panga, kijembe.

Lakini mhunzi wa Dandora hasemi pua. Husema springi. Hasemi fuawe, husema chuma cha kugongea, au kwa ufupi reli. Na mwanafunzi anayejua pua na fuawe kwa kuwa ameyakuta kamusini, hajawahi kuviona vitu vyenyewe. Kwa hiyo pana watu wawili, kila mmoja ana nusu: mmoja ana neno bila kitu, mwingine ana kitu bila neno. Tena neno lenyewe linateleza. Siku hizi, katika matangazo ya bidhaa na tafsiri za haraka, chuma cha pua hutumiwa kwa maana ya chuma kisichoshika kutu, yaani kile cha sufuria na masinki. Pua ya mhunzi hushika kutu. Iwapo maana mpya itaimeza ya zamani, mhunzi atabaki bila jina la kile anachokitafuta maisha yake yote.

Wapo watakaosema kwamba tatizo hili litatatuliwa na vyombo vinavyohusika na istilahi. Kwa hakika, kazi iliyofanywa na vyombo hivyo ni ya kuheshimiwa. Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Dar es Salaam ilitoa Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia mwaka 1990, wakati ambapo wengi waliamini kwamba Kiswahili hakiwezi kubeba sayansi. Hata hivyo, istilahi nyingi zimeundwa kwa kuanzia orodha ya Kiingereza na kuitafutia visawe. Ni mara chache kazi imeanzia kwa mtu anayekifanya kitu chenyewe.

Yafaa kukumbuka historia ya neno jua kali. Mwaka 1972, Shirika la Kazi Duniani lilitoa ripoti kuhusu ajira nchini Kenya iliyoeneza ulimwenguni dhana ya sekta isiyo rasmi. Istilahi hiyo inamtaja fundi kwa kile asichokuwa nacho: hana urasmi. Mafundi wa Nairobi, wakiwemo wafua vyuma wa Kamukunji, wakatambulikana kwa jina jingine, linalotaja kile walichokuwa nacho juu ya vichwa vyao kuanzia asubuhi hadi jioni. Jina hilo halikupitishwa na kamati yoyote. Mwaka 1992, serikali ya Kenya ilipochapisha waraka wa sera kwa Kiingereza kuhusu biashara ndogondogo, maneno jua kali yaliwekwa katika anwani yake bila kutafsiriwa, na yamo katika vitabu vya wachumi wa ng'ambo hadi leo. Uwezo wa kuunda istilahi inayoshinda upo mtaani. Linalokosekana ni mtu wa kwenda kuisikiliza.

Pingamizi tatu

Pingamizi la kwanza ni la uchumi. Itasemwa kwamba visu vya viwandani kutoka ng'ambo vimejaa madukani kwa bei ya chini, havishiki kutu na vina mipini ya rangi. Kwa nini basi mtu asikitikie ufundi ambao soko limeukataa? Hoja hii ina ukweli, nayo haifai kufichwa. Lakini kuhifadhi elimu si sawa na kulazimisha biashara. Hakuna anayedai kwamba tenzi za kale zisisomwe kwa sababu watu siku hizi hawatungi tenzi kila jioni. Isitoshe, mwenye bucha na mama anayekatakata sukuma wiki kutwa wanajua kwamba kisu cha springi hunoleka upya kwa jiwe, ilhali vingi vya bei rahisi vikishakuwa butu huwa ndio mwisho wake. Mwenye kisu kikali ndiye mla nyama, na methali hii haikutungwa kwa ajili ya kisu cha kutupwa.

Pingamizi la pili ni la sheria. Biashara ya vyuma vikuukuu imehusishwa na wizi wa mali ya umma: nyaya za umeme, vifuniko vya mitaro, vyuma vya reli na vya milingoti. Mnamo Januari 2022, baada ya milingoti ya umeme kuanguka na nchi kukosa stima, Rais Uhuru Kenyatta alipiga marufuku biashara hiyo, na marufuku ikaondolewa miezi michache baadaye mwaka huohuo. Sheria ya vyuma vikuukuu ilikuwa imekwisha kupitishwa mwaka 2015. Wizi ni wizi, na fundi anayenunua reli iliyong'olewa njiani hana utetezi. Lakini agizo la kufunga biashara nzima kwa siku moja lilimpata mwizi na mfua kisu kwa pigo moja. Laiti ufundi wa mhunzi ungekuwa umeandikwa na kueleweka, watunga sheria wangejua kumtofautisha anayetafuta springi mbili za lori na anayetafuta tani za shaba.

Pingamizi la tatu ndilo zito kuliko yote, nalo ni la afya. Mwaka 2007, Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira lilitoa matokeo ya uchunguzi uliofanyiwa watoto 328 waishio karibu na jaa la Dandora. Nusu yao walikuwa na risasi katika damu kwa kiwango kilichofikia au kupita kile kilichokuwa kikikubalika kimataifa wakati huo. Vyuma vinavyotoka jaani huweza kuwa na rangi yenye risasi. Mabati yaliyopakwa zinki yakiingia motoni hutoa moshi unaomletea fundi homa na kutetemeka usiku huohuo. Itakuwa unafiki kuusifu moto wa mhunzi bila kuutaja moshi wake.

Hata hivyo, pingamizi hili linaongeza haja ya Kiswahili kuingia kiwandani, haliipunguzi. Ripoti ya mwaka 2007 iliandikwa kwa Kiingereza. Mkazi wa Dandora aliyetajwa ndani yake kwa takwimu alihitaji mtu wa kumweleza, kwa lugha yake, kwamba risasi si ile tu itokayo katika mtutu. Kuna risasi nyingine, isiyo na mlio, inayoingia mwilini mwa mtoto kwa vumbi na moshi na kumwathiri ubongo. Kiswahili kinaita vitu hivyo viwili kwa neno moja. Mwanafunzi wa isimu huona hapo mfano mzuri wa polisemia. Mama wa Dandora anaweza kuona hapo onyo la kumwokoa mwanawe, ikiwa atatokea wa kuliandika.

La kufanya

Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inakitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na lugha rasmi katika kifungu cha 7, na katika kifungu cha 11 inaitaka serikali itambue nafasi ya sayansi na teknolojia za kiasili katika maendeleo ya taifa. Vifungu hivi viwili vinatenganishwa na kurasa chache tu, lakini katika vyuo vikuu vimekaa kama majirani wasioamkiana. Idara ya Kiswahili huona teknolojia kuwa shughuli ya wahandisi. Wahandisi huona uhunzi wa jua kali kuwa shughuli ya mtu mwingine.

Wa kuwaamkisha ni wanafunzi. Kila mwaka mamia yao huandika tasnifu za shahada. Nyingi hurudia riwaya zilezile kumi, na wasimamizi huzisoma wakijua zitakavyokwisha. Tasnifu moja tu kuhusu leksimu ya ufuaji wa vyuma katika mitaa ya Eastlands ingeongeza kitu ambacho hakikuwapo. Mwanafunzi angeketi na fundi kwa wiki kadhaa, akaandika kila zana, kila kitendo na kila kosa kwa jina linalotumika pale, akalinganisha na yaliyomo kamusini, akaonyesha lililofufuka, lililokufa na lililozaliwa. Asiandike kwa jicho la kushangaa wala la kusahihisha. Springi ni neno lililokwisha kupata uraia. Kazi ya mtafiti ni kueleza lina uhusiano gani na pua, si kulifukuza. Usheng unaotumika pale nao uandikwe ulivyo, kwani lugha ya kazi haisubiri ruhusa.

Pili, istilahi zinazopendekezwa na wasomi zipelekwe penye fuawe kabla ya kupelekwa kiwandani kwa mchapishaji. Neno ambalo fundi hawezi kulitamka huku ameshika koleo, halitadumu hata likipigiwa muhuri na baraza gani.

Tatu, na hili ni suala la haki, elimu hii ina wenyewe. Sheria ya Kenya ya mwaka 2016 kuhusu ulinzi wa maarifa ya jadi iliweka wazi kwamba maarifa ya namna hii hayachukuliwi bila idhini ya walio nayo. Mtafiti aombe ruhusa, ataje chanzo kwa namna fundi mwenyewe anavyotaka, na arudi na kilichoandikwa. Kurudi huko kusiwe kwa tasnifu yenye jalada jeusi, ambayo fundi hataisoma. Kuwe kwa kijitabu cha kurasa chache kwa Kiswahili sahili: ni chuma gani kisitiwe motoni, moshi gani ukimbiwe, watoto wakae umbali gani, rangi ipi ya joto inamaanisha nini. Kijitabu hicho kingemfaa pia kijana anayeanza kujifunza, ambaye leo hutegemea huruma ya mwalimu mmoja na bahati ya kutoungua.

Wazee wa Buhaya walipata wa kuwauliza wakati wangali na nguvu za kujenga tanuri. Mhunzi wa Dandora bado yupo. Moto wake unawaka umbali wa nauli ya matatu moja au mbili kutoka vyuoni, na mlio wa nyundo yake unasikika kila asubuhi kwa yeyote ajaye na daftari. Chuma hupigwa kingali na joto. Kikipoa, nyundo hailii tena bali hupasua. Hima basi wanafunzi wa Kiswahili wachukue kalamu, washuke Dandora, wakaketi penye moshi huo na kuuliza swali ambalo methali yao imewatuma kuuliza siku zote: nani aliyeunda, na kwa zana gani?